Maswali Yenu: Kujitolea Kwenye Maeneo ya Kale Huku Ukiishi Garini

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu walionunua karavani au kugeuza matatu kuukuu kuwa nyumba. Wanataka kukaa miezi miwili mitatu kwenye maeneo ya kihistoria, kuanzia Nakuru hadi ukingo wa Ziwa Victoria, wakisaidia kazi bila malipo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu. Tuna Hiace ambayo fundi ametuwekea kitanda, sinki na jiko. Tungependa kukaa Hyrax Hill miezi mitatu tukiwatembeza wanafunzi. Tubishe hodi wapi, na barua iseme nini? – Mwalimu, Molo

Mwalimu, anzeni kwa kujua mwenye mlango ni nani. Hyrax Hill, kilomita 4 hivi kutoka Nakuru mjini ukielekea Nairobi, iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndivyo ilivyo pia kwa Kariandusi karibu na Gilgil, Thimlich Ohinga kule Migori, Kakapel kule Busia, na makumbusho ya Kisumu na Kitale. Lakini kasri la Lord Egerton pale Njoro ni la Chuo Kikuu cha Egerton, na Kit Mikayi kule Seme huendeshwa na wenyeji wenyewe. Mbuga ya Ziwa Nakuru nayo ni ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Ruhusa ya mmoja haifungui lango la mwingine, hata kama wanapakana.

Barua iwe ukurasa mmoja, aandikiwe msimamizi wa kituo, na nakala iende makao makuu ya taasisi inayohusika. Semeni mtafika tarehe gani na kuondoka lini, mnajua kufanya nini, na gari lenu lina urefu, upana, kimo na uzito gani. Kimo kipimwe pamoja na keria na paneli za sola, kwa sababu matawi ya mti langoni yameshavunja paneli nyingi. Uzito upimwe gari likiwa limejaa maji na vyombo. Wafanyabiashara wa nafaka wenye mizani ya magari hukubali kukupimia ukiwaomba vizuri. Kisha elezeni mnachohitaji: lita ngapi za maji kwa siku, choo, na kama mtataka stima au la. Ambatisheni nakala za vitambulisho na vyeti vya mwenendo mwema, vile vinavyoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuchukuliwa alama za vidole.

Hakikisheni pia kwamba mabadiliko ya bodi yameingizwa kwenye kitabu cha gari. Gari ambalo kitabu kinalitaja kuwa la abiria 14, na ndani lina kitanda na mtungi wa gesi, litawaletea maneno barabarani, na bima inaweza kukataa kulipa likiungua.

Siku ya kwanza nendeni bila gari. Pimeni lango kwa futikamba, tazameni pa kugeuzia, ulizeni choo kiko wapi na mfereji wa maji hukauka miezi gani. Mkishaelewana, yaandikwe: saa za kazi kwa wiki, siku za mapumziko, nani atagharamia matibabu mtu akiumia kazini, na nani anashika ufunguo wa lango usiku.

Hilo la kuwatembeza wanafunzi tunaomba mlifikirie upya. Mahali pengi kuna waongozaji wanaoishi kwa kazi hiyo, na mtu anayeifanya bure anawanyang'anya riziki, hata kama nia yake ni njema. Mwalimu ana kitu adimu zaidi cha kutoa. Andaeni karatasi ya kazi ya mwanafunzi wa darasa la 4 na nyingine ya darasa la 7, zenye mambo ya kutafuta, kuhesabu na kuchora, zikiwa kwa lugha nyepesi. Basi la watoto 60 likifika na mwongozaji ni mmoja, gaweni kundi: 20 waende naye kilimani, 40 wabaki nanyi kwenye karatasi, kisha wabadilishane. Mwongozaji atawashukuru, na watoto wataondoka wakijua walichokiona.

Tulipofika Hyrax Hill tuliegesha mahali pazuri, bonde dogo lenye nyasi lisilopigwa na upepo. Askari akatuamuru tuondoke mara moja, na pale hapakuwa na chochote. Kwani tulikosea nini? – Familia, Naivasha

Yawezekana mliegesha juu ya zizi la ng'ombe la mamia ya miaka iliyopita.

Hyrax Hill ilichimbwa kwa mara ya kwanza na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, ikatangazwa turathi ya taifa mwaka 1943. Miongoni mwa vitu vyake ni yale mashimo mapana yasiyo na kina yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Wafugaji wa kale waitwao Sirikwa walichimba zizi likaingia ardhini kidogo, wakajenga nyumba ikishikana nalo, na samadi waliyozoa wakairundika kando hadi ikawa kichuguu. Leo jicho la dereva huona bakuli la nyasi lililojificha upepo, pa kupumzikia hasa. Jicho la mtafiti huona mlango, sakafu na jalala.

Katika maeneo kama haya udongo wenyewe ndio hifadhi. Sentimita chache tu chini ya nyasi kuna tabaka moja, chini yake jingine, na kila tabaka lina wakati wake. Gurudumu likizama kwenye matope huchanganya la juu na la chini, na hakuna fundi wa kuyatenganisha tena. Kwa hiyo shikeni mambo haya.

Egesheni kwenye changarawe au saruji iliyopo tayari, kamwe si kwenye nyasi, hata ikiwa kavu. Kama msimamizi mwenyewe amewaonyesha sehemu ya udongo, wekeni mbao chini ya kila gurudumu. Gari la kilo 2,800 huweka kama kilo 700 kwenye kila gurudumu, na gurudumu hugusa ardhi kwa eneo dogo sana, hivyo udongo hubeba kilo 3 kwa kila sentimita mraba. Kipande cha mbao cha sentimita 40 kwa 40 hupunguza mzigo huo hadi chini ya nusu kilo. Tumieni mbao ngumu ya inchi 2, tabaka mbili zilizopigiliwa kwa kukingamana. Plaiwudi nyembamba hujikunja katikati na kupasuka, ikawa kama haipo.

Msipigilie vigingi vya turubai. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20. Funga moja kila pembe na turubai litatulia, isipokuwa siku ya upepo mkali, ambapo likunjwe tu. Chini ya injini wekeni karai au bati la kukinga oili. Maji ya vyombo na ya kuoga yaingie kwenye jerikeni yake na kumwagwa mahali mlipoonyeshwa: watafiti hupima fosfeti (madini yanayoachwa na samadi na mabaki ya chakula) kwenye udongo kujua watu na mifugo waliishi wapi zamani, na maji machafu yenye mabaki ya chakula huacha fosfeti mpya juu ya ile ya kale. Moto wa kuni au makaa usiwashwe kabisa nje ya mahali palipotengwa. Chembe ya mkaa wenu wa Jumamosi ikishuka kwenye tundu la panya hadi tabaka la zamani, na baadaye ikaokotwa kwa kipimo cha radiokaboni, kile cha kukadiria umri wa vitu vya kale, itatoa umri wa uongo.

Choo cha kubeba chenye tangi la lita 20 kinamwagwa wapi? – Dereva, Ahero

Kwenye choo cha shimo, kwa idhini ya mwenyeji, na tangi lisuuzwe kwa maji kidogo. Watu wawili hulijaza kwa siku tatu au nne. Kama kituo kina tangi la majitaka linalotegemea bakteria, msitie dawa ya buluu yenye fomalini, kwa maana huwaua hao bakteria na tangi zima hujaa mapema na kunuka. Nunueni isiyo na fomalini au tumieni maji na sabuni kidogo tu. Shimo lililo karibu na kisima lisitumike hata mkiruhusiwa.

Nataka sola ya kuendesha friji dogo, taa, feni na kompyuta ya mkononi, nikikaa zaidi Kisumu na Migori. Fundi ananiambia ninunue inveta ya wati 2,000. Ni kweli? – Kijana, Kakamega

Hapana, ndugu. Piga hesabu kwanza; inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ije mwisho.

Friji la volti 12, lita 40, kwenye joto la Kisumu litakula kama wati-saa 450 kwa siku (wati-saa ni wati mara saa za matumizi). Taa nne za wati 5 kwa saa nne ni 80. Feni ya wati 20 usiku kwa muda wa saa nane ni 160. Simu mbili, 30. Kompyuta ya wati 50 kwa saa tatu, 150. Jumla ni 870. Ongeza kinachopotea kwenye waya, betri na inveta, kadiria 1,090 kwa siku.

Upande wa paneli, hesabu saa 5 za jua kamili, kisha ondoa asilimia 30 kwa sababu paneli limelala bapa juu ya paa, lina vumbi, na joto hulipunguzia nguvu. Gawanya 1,090 kwa 3.5, utapata wati 311. Paneli mbili za wati 160 zinatosha. Betri nayo ikuvushe siku mbili za mawingu ya masika: ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 200 ina wati-saa 2,560, na ukitumia asilimia 85 unapata karibu 2,180. Ukichagua za asidi itabidi uwe na Ah 400, kwa sababu haifai kuzishusha chini ya nusu, na betri nne za Ah 100 kila moja zinapita kilo 100. Uzito huo wote ukikaa upande mmoja, spring'i za upande huo zitalala.

Inveta ya wati 300 yenye wimbi safi inatosha kompyuta yako. Friji, taa na feni ziende moja kwa moja kwenye volti 12. Anayeshauri wati 2,000 anafikiria birika la stima. Birika hilo litavuta zaidi ya ampea 180 kutoka kwa betri, na ukilifungia waya mwembamba, plastiki yake itayeyuka kabla maji hayajachemka. Chemsha kwa gesi.

Sasa makosa tunayoyaona tena na tena. Fyuzi huwekwa mbali na betri. Iweke ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye ncha ya chanya, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote kikikwaruzwa na bodi. Kontrola ya chaji, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, iunganishwe na betri kwanza, ndipo paneli. Ukianza na paneli, kontrola haijui kama mfumo ni wa volti 12 au 24, na nyingine huungua. La tatu linahusu Kisumu hasa: sola inataka jua, wewe unataka kivuli. Acha paneli moja iwe ya kutandaza chini, juu ya changarawe, kwa waya wa mita 10. Chagua waya wa milimita 6 mraba. Ule wa 2.5 wa nyumbani utakula karibu asilimia 7 ya nguvu ya paneli hiyo jua likiwa kali.

Usitafute kivuli hicho chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake. Huku magharibi radi hupiga jioni nyingi za mwaka.

Maharagwe hayaivi vizuri tukiwa Nakuru, na mtungi wa kilo 6 unaisha upesi. Gesi imechakachuliwa? – Mama, Njoro

Si lazima iwe gesi, mama. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo maharagwe hukaa motoni muda mrefu zaidi. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa sufuria ya presha, mtungi utadumu.

Mengi zaidi ya kuangalia yako kwenye gari lenyewe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo dirisha lililo wazi juu halisaidii. Kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni la upana wa sentimita 5 au zaidi linalotokea nje, lisiloelekea ekzosi. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio na utazame mapovu yanayokua. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya gari hata kwa dakika tano za kuota baridi ya Nakuru. Hewa yake ya sumu haina harufu, na nafasi ni ndogo mno. Watu hulala wasiamke.

Rafiki wa mwanangu yuko Marekani, hujitolea kwenye mbuga akiishi kwenye gari lake. Anataka kuja kufanya hivyo hapa. – Baba, Eldoret

Kwao mpango wa kujitolea wa idara ya mbuga za taifa ulianza mwaka 1970, na mbuga nyingi huwapa hao wenye magari sehemu ya kuegesha yenye maji, stima na bomba la majitaka. Hapa asitegemee bomba hizo. Aje akiwa amejitosheleza. Na mzee, mweleze wazi kwamba kibali cha mtalii si cha kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Kituo kinachompokea ndicho kianze naye taratibu za uhamiaji kabla hajakata tiketi.

Tumekubaliwa kusaidia kusafisha Thimlich Ohinga. Tuna mapanga, majembe na nguvu. Tuanzie wapi? – Vijana sita, Homa Bay

Anzieni kwa kuacha majembe nyumbani.

Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake za karne ya 16 zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala chokaa. Mkitazama mahali palipobomoka mtaona ukuta una sehemu tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na kati yake mawe madogo yaliyoshindiliwa kushikanisha hizo nyuso mbili. Uimara wote uko kwenye kushikana huko. Mawe hayo madogo yakimwagika, ukuta huota kitambi, nao ukishaota kitambi haukai sana.

Adui mkubwa ni mimea. Lantana na mitambaazi huota kati ya mawe, mzizi unanenepa na kuyatenga. Kijana mwenye nguvu akiushika na kuung'oa, unatoka na mawe manne, na kwa ndani kumi yanateleza asiyaone. Kwa hiyo mkato uwe wa mkasi wa kupogolea, karibu kabisa na jiwe, na mzizi uachwe uoze wenyewe. Utachipua, rudini baada ya wiki tatu mkate tena, na tena, mpaka uchoke. Panga litumike kwenye njia na uwanja tu. Panga likiteleza ukutani huacha kovu jeupe kwenye jiwe ambalo miaka 500 haikulikwaruza. Dawa ya kuua magugu isitumike bila neno la msimamizi.

Mti mkubwa ulioegemea ukuta usiguswe, kwani huenda ndio unaoushikilia. Na ule wenye matawi kama kinara, ambao Waluo huuita bondo, una utomvu mweupe unaochoma macho vibaya sana. Vaeni miwani na glavu mkiwa chini yake. Utomvu ukiingia jichoni, mwagieni maji safi kwa dakika 15 bila kukoma, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Jiwe lililoanguka liachwe lilipo. Lipigeni picha, andikeni tarehe na sehemu ya ukuta, mpeni msimamizi. Kulirudisha bila kurudisha mawe ya kati ni kumwekea mtego mgeni wa kesho. Saruji ndiyo mbaya kuliko yote. Ukuta mkavu hupitisha maji ya mvua; ukizibwa kwa saruji, maji hubaki ndani na kuusukuma kutoka tumboni.

Vijana sita mnaweza kufanya kazi moja ambayo itawafaa mafundi kwa miaka mingi. Chagueni sehemu 20 za ukuta pamoja na msimamizi, na kila mwezi mpige picha kila sehemu mkisimama mahali pale pale, saa ile ile ya asubuhi, na fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi kila sentimita 10 ikiwa imesimamishwa kando. Shusheni timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) kutoka juu, uzi ukiwa mbali kidogo na ukuta kwa kipimo kile kile kila mwezi, pimeni umbali kati ya uzi na ukuta mahali palipobinuka. Ukipungua kwa sentimita 2 kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, msingoje mwezi wa tatu kumwambia msimamizi.

Mkienda na gari, chungeni masika. Udongo mweusi wa huko ukilowa hushika gurudumu kama ulimbo, na kulikwamua gari ndani ya eneo lenyewe ni kulichimbua. Egesheni nje mvua ikitishia, mtembee.

Asubuhi nikitandika turubai niliona kigae cha chungu chenye mistari, na karibu yake kipande cheusi kama chupa iliyovunjika. Nimevihifadhi garini visipotee. Nimpe nani? – Mtu wa kujitolea, Gilgil

Kile cheusi yumkini ni obsidiani, kioo cha volkano ambacho watu wa Bonde la Ufa walikichonga kuwa visu na vyembe. Makali yake hukata hadi leo, kwa hiyo usikitie mfukoni.

Ulikusudia mema, lakini sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 hairuhusu kuviondoa, na kigae kilichotoka mahali pake kimepoteza sehemu kubwa ya maneno yake: kilikuwa kina gani, kando ya nini, kimelala upande upi. Usivirudishe mwenyewe sasa. Utaviweka pasipo pake. Usivioshe pia, kwani mabaki ya chakula cha kale huweza kuwa bado yamo ndani ya ufinyanzi. Viweke kila kimoja kwenye bahasha yake ya karatasi, si nailoni inayotunza unyevu. Andika tarehe, saa, na umbali kwa hatua kutoka kitu kisichohama, kama nguzo ya lango au kona ya jengo. Mpelekee msimamizi leo, na uende naye hadi pale ulipoviokota.

Safari nyingine ukiona kitu, weka sarafu ya shilingi 10 kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha mazingira, ondoa sarafu, hamisha turubai lako.